Ajenti ni Mtoto wa Watu

Lamu bima ya maisha haiingii kwa tangazo la redio. Huingia na kijana uliyemwona akikua, aliyesoma chuoni na wanao, ambaye sasa amevaa shati la mikono mirefu na kubeba mkoba wenye nembo ya kampuni ya Nairobi. Anabisha hodi baada ya Alasiri, anaketi dakani, anauliza hali za wazee mmoja mmoja, anakunywa kahawa, na mazungumzo yakishakolea ndipo makaratasi yanapotoka. Kumwambia "sitaki" ni kumwambia mama yake. Miaka ikipita na mambo yakaharibika, kumlalamikia ni kumlalamikia mama yake pia.

Haya nimeyajua kwa kukaa nyuma ya mashine ya fotokopi. Nina duka dogo la saiba upande wa Langoni, hatua chache kutoka soko lililo mbele ya Ngome. Tunachapa, tunaskani, tunajazia watu fomu za serikali, tunapiga picha za pasipoti. Sikusomea bima wala sheria. Lakini mtu hatoi nakala ya mkataba wa bima mambo yake yakiwa mazuri. Huja nao akiwa amefiwa, au anakatwa pesa asizozielewa, au amepokea barua ya Kiingereza kigumu, naye hunisukumia juu ya meza na kusema, "Hebu nisomee, wasemaje hawa?" Ukisoma za watu wengi unaanza kuona ya kwamba malalamiko ni yale yale, majina tu ndiyo hubadilika. Nikawa msomaji wa mikataba, kisha nikawa mwandishi wa barua za malalamiko, kazi ambayo haimo kwenye bei nilizobandika ukutani.

Karatasi iliyonifungua macho zaidi ni fomu ya maombi ya nahodha mmoja wa boti ya abiria, marehemu sasa, Mungu amrehemu. Mkewe alikuja nayo ndani ya mfuko wa plastiki uliokunjwa mara nyingi, pamoja na cheti cha kifo na barua ya kampuni. Barua yenyewe ilikuwa ya aya tatu. Ya kwanza ilimpa pole. Ya pili ikasema uchunguzi umeonyesha marehemu alikuwa na kisukari kabla ya kuchukua bima, na kwamba hakulisema hilo alipoomba. Ya tatu ikasema kwa hivyo mkataba ni batili na fidia haitalipwa.

Nikaitandaza fomu juu ya kioo cha mashine. Ukurasa wa pili ulikuwa na maswali ya afya: presha, sukari, moyo, figo, kifua kikuu, kama umewahi kulazwa, kama unatumia dawa yoyote kwa sasa. Kila swali lina visanduku viwili. Alama zote zilikuwa upande wa "hapana", zimenyooka wima kutoka juu hadi chini, wino wa buluu, mkono wa mtu aliyezipiga kwa mkupuo mmoja. Jina na anwani viliandikwa kwa wino huo huo, herufi zimelalia kulia, za mtu aliyezoea kuandika haraka. Chini kabisa ndipo palipokuwa na sahihi ya nahodha, kwa wino mweusi, herufi za mtu aliyesoma msahafu zaidi ya kitabu cha shule, zimesimama moja moja. Na penye swali la kazi, mtu aliyeshika usukani baina ya Lamu, Faza na Kizingitini maisha yake yote aliandikwa "mfanyabiashara".

"Huyo kijana wa bima akija kwetu humkuta marehemu ajichoma sindano ya sukari," mjane aliniambia. "Ajua vyema."

"Alimuuliza maswali haya?"

"Hakumuuliza hata moja. Alimwambia tia sahihi hapa na hapa, mengine nitayamaliza mwenyewe ofisini."

Ili kuelewa kwa nini kijana afanye hivyo, fuata pesa. Ajenti halipwi mshahara. Hulipwa kamisheni, na kamisheni ya mwaka wa kwanza wa mkataba ndiyo kubwa. Inayofuata hupungua mwaka hadi mwaka. Fomu ikisema kweli kwamba mwombaji ana sukari na kazi yake ni ya baharini, kampuni itataka apimwe na daktari, huenda imwongezee ada, huenda imkatae kabisa. Hapo ajenti atangoja majuma, na mwisho wake huenda asipate kitu. Fomu ya "hapana" tupu hupita bila swali. Hasara ya uongo ule haimwangukii yeye. Humwangukia mjane, baada ya miaka, siku ambayo kampuni kwa mara ya kwanza inapata sababu ya kwenda hospitali kuomba faili la mgonjwa.

Nikiri upande wa kampuni pia. Bima ya maisha imejengwa juu ya ukweli wa mwombaji. Kampuni haiwezi kujua mwili wako ila kwa ulimi wako, na anayeficha ugonjwa huwapandishia gharama wenziwe wote waliomo. Sina ugomvi na kanuni hiyo. Ugomvi wangu ni kuona kampuni imepokea ada kwa miaka minne bila kuuliza chochote, kisha ikauliza maswali yote kwa siku moja, tena inamuuliza maiti.

"Basi tuandike hivyo," nilimwambia. "Tuseme nani aliyeijaza fomu."

Akanyamaza. Akaanza kuzirudisha karatasi mfukoni. "Mwana wa watu huyo, mwanangu. Mamake ndiye aliyemwosha mamangu. Nitapita vipi mlangoni mwao?"

Nimeyasikia maneno hayo, au ndugu zake, mara nyingi mno. Watu wa ofisi za Nairobi wakiona malalamiko machache kutoka huku kwetu huenda wakadhani tumeridhika. Mji huu unaoshana maiti, unaazimana masufuria ya arusi, na kuketi pamoja kwenye Maulidi. Shilingi laki mbili, tatu, ni pesa nyingi, lakini kuna watu wanaoziacha ziende kuliko kukatana salamu na nyumba ya jirani. Kampuni zinazotafuta maajenti zalijua hili vyema. Ndiyo maana huwaajiri watoto wa mtaa badala ya kumleta mgeni. Katika mafunzo yao huambiwa waanze na orodha ya jamaa na marafiki. Undugu huuza bima, na undugu huo huo hufunga mdomo wa aliyeuziwa vibaya.

Shemeji yangu aliyeko Uingereza alinisimulia kisa cha huko. Mabenki yaliwauzia watu bima ya kulipia mikopo, wengine bila hata wao kujua wameuziwa, wengine wakiwa hawastahiki kulipwa kamwe. Watu walilalamika kwa mamilioni, mpaka ikawekwa siku ya mwisho ya kulalamika, 29 Agosti 2019, na mabenki yakarudisha zaidi ya pauni bilioni 38. Nilipomsimulia mjane huyu alicheka. "Wao walikuwa wanailalamikia benki," alisema. "Benki ina mama?"

Kicheko chake ndicho kilichonipa njia. Mkataba si wa nahodha na kijana. Ni wa nahodha na kampuni. Ajenti ni mkono wa kampuni: kampuni ndiyo iliyompa fomu na mkoba, na ndiyo iliyonufaika na ada. Nikaandika barua isiyomtaja mtu yeyote. Niliomba nakala kamili ya fomu. Nikaomba waseme ni nani aliyeijaza, kwa kuwa mwandiko wa majibu na mwandiko wa sahihi si wa mtu mmoja, na wino wao ni mbalimbali. Nikauliza kama mwakilishi wao alimsomea mwombaji maswali hayo kwa lugha anayoielewa, maana fomu ni ya Kiingereza na marehemu hakukijua. Nikauliza kwa nini nahodha aliandikwa mfanyabiashara, jambo ambalo mtu yeyote aliyefika kwake angelijua. Namba ya ajenti ilikuwa imeshapigwa muhuri pembeni mwa fomu. Kampuni haikuhitaji jina kutoka kwetu. Mjane alitaka nimsomee barua mara mbili, akahakikisha jina halimo, ndipo akatia sahihi.

Kampuni ilikaa kimya, kisha ikajibu kwa mstari mmoja kwamba msimamo wake ni ule ule. Hapo tukapeleka kila kitu kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, ile watu wanayoiita IRA. Mamlaka hiyo ilianzishwa kwa marekebisho ya Sheria ya Bima ya mwaka 2006 na ikaanza kazi mwaka 2007. Moja ya kazi zake ni kupokea malalamiko ya wateja, na kulalamika kwao hakulipiwi. Hutaka kwanza uwe umeiandikia kampuni yenyewe, ndiyo maana ule mstari mmoja wa jibu nilikuwa nimeuhifadhi vizuri. Baada ya mamlaka kuuliza, lugha ya kampuni ikabadilika. Ikaja barua ndefu zaidi, yenye adabu zaidi, ikisema kampuni haikubali kosa lolote lakini kwa hisani itamlipa mjane nusu ya kiasi cha bima.

Mimi nilitaka akatae, tusonge mbele. Yeye alihesabu kwamba Januari inakuja na watoto wawili wanakwenda sekondari. Akachukua nusu. Ilikuwa haki yake kuamua, na sikubishana naye zaidi ya jioni ile moja. Mama yake ajenti, ambaye alikuwa akipita dukani kwangu kila siku kuniamkua, alibadilisha njia.

Malalamiko ya walimu ni ya namna nyingine, hayana kifo ndani yake. Mwalimu, muuguzi, karani wa kaunti, hawa ndio samaki wanaowindwa kwanza kwa sababu ada yao hukatwa kwenye mshahara kabla hawajauona. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema makato yote yasizidi theluthi mbili ya mshahara, mfanyakazi abaki angalau na theluthi moja. Kwa hivyo maajenti huzungumzia "nafasi": hati ya mshahara wa fulani ina nafasi, ya fulani imejaa. Mwalimu mmoja alinieleza alivyoshangaa ajenti alipomjia akiwa ameshajua nafasi yake ilikuwa shilingi ngapi. Nani alimwambia? Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu mwaka 2019, na hati ya mshahara ni siri ya mtu na mwajiri wake, lakini ukiketi kwenye ofisi fulani fulani utaona hati hizo zimelala juu ya meza tangu asubuhi.

Mwalimu huyo aliuziwa bima ya elimu ya watoto ya miaka 15, ada shilingi 4,500 kwa mwezi. Aliambiwa ni "akiba". Neno bima lilitajwa mwishoni tu. Aliambiwa pia serikali itampunguzia kodi, na hilo ni kweli: kuna nafuu ya asilimia 15 ya ada, isiyozidi shilingi 5,000 kwa mwezi, na kwa bima ya elimu au ya akiba sharti mkataba uwe wa miaka 10 au zaidi. Kwake yeye ilikuwa shilingi 675 kila mwezi. Asichoambiwa ni kwamba ukivunja mkataba kabla ya wakati wake, nafuu hiyo hudaiwa irudishwe.

Baada ya miezi 28 mkewe aliugua, akataka pesa zake. Alikuwa amekatwa shilingi 126,000. Jibu la kampuni: mkataba haujafikisha miaka mitatu, hauna thamani yoyote ya kuvunjia. Sufuri. Alikuja dukani ameshika simu yenye ujumbe ule, anacheka kicheko cha mtu anayetaka kupigana.

Nilimwonyesha kipengele kwenye mkataba wake, ukurasa wa kumi na kitu, na kweli kilikuwapo. Mikataba mingi ya namna hii ndivyo ilivyo. Ada yako haiendi yote kwenye kibubu. Sehemu hununua kinga ya kifo, sehemu hulipa gharama za kampuni, sehemu ni ile kamisheni nono ya mwanzo, na kinachobaki ndicho kinachowekezwa. Miaka ya kwanza hakibaki cha maana. Mwenye kuvumilia mpaka mkataba ukomae hupata chake na bonasi juu. Mwenye kutoka mapema ndiye anayewalipia wengine karamu. Kama bidhaa, si haramu wala si wizi. Lakini kumwambia mtu mwenye mke mgonjwa na paa linalovuja kwamba hii ni akiba, wakati hawezi kuigusa kwa miaka mitatu, ni kumuuzia asichokiomba.

Halafu kuna mchezo wa kuhama. Ajenti akihamia kampuni nyingine hurudi kwa wateja wake wa zamani na kuwaambia ile ya kwanza imeharibika, hii mpya ni bora, vunja ile uanze hii. Mteja huanza upya miaka mitatu ya sufuri. Ajenti naye huanza upya mwaka wa kwanza wa kamisheni. Na makato ya zamani hayakatiki yenyewe. Nimeona hati za mshahara zenye kampuni mbili zinakata kwa pamoja miezi mfululizo, kwa kuwa hakuna aliyemwambia mwalimu kwamba kusimamisha makato kunataka barua yake mwenyewe, kwa mwajiri na kwa kampuni.

Wavuvi wana balaa lao, na hili sijaona likielezwa mahali popote. Mikataba imeandikwa kwa ajili ya mtu anayelipwa mwisho wa mwezi. Mvuvi hana mwisho wa mwezi. Ana kaskazi na kusi. Kaskazi ikivuma bahari hulala na pesa huonekana. Ajenti hodari huja wakati huo. Kusi ikiingia, kuanzia kama Aprili, bahari huchafuka na mashua ndogo hufungwa pwani kwa majuma. Ada ya shilingi 2,000 kwa mwezi iliyokuwa rahisi Januari huwa mzigo Juni. Mkataba kwa kawaida humpa mteja siku 30 za kuchelewa. Kusi hudumu miezi. Mkataba hufa katikati yake bila mwenyewe kujua, na akienda kulipa Oktoba pesa hupokelewa kwenye simu na risiti hutoka, lakini kinga huwa haipo mpaka mkataba ufufuliwe rasmi, mara nyingi kwa kujaza tena fomu ya afya. Mvuvi wa Kipungani aliponieleza kwamba yeye analipa "kila nikipata" na kwamba ajenti alimwambia haina neno, niliomba tuangalie barua pepe yake. Taarifa za mkataba wake kukatika zilikuwa zimetumwa mara kadhaa, kwa barua pepe aliyofunguliwa na ajenti, ambayo hakujua hata nywila yake.

Kampuni nyingi hukubali ada ilipwe kwa robo mwaka au mara moja kwa mwaka. Mvuvi angeweza kulipa ya mwaka mzima Februari akamaliza. Hakuna aliyemuuliza analipwa lini na bahari.

Na pesa kubwa zikitajwa, nzi huja. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba wavuvi wa Lamu wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa kuathiriwa na ujenzi wa bandari ya Kililana. Malipo yalichelewa kwa miaka, lakini wauzaji hawakungoja. Kabla mtu hajaiona hata shilingi, walikuwapo wa pikipiki, wa viwanja visivyokuwa na hati, na wa bima za kulipa mara moja "pesa zizae". Nilichapa vikaratasi vyao vingi tu. Duka ni duka.

Kuna jambo la dini pia, ambalo kwetu ndilo huamua. Wazee wengi hapa walikuwa wakiikataa bima ya maisha kabisa, wakisema ina kamari ndani na riba juu. Hawakuwa peke yao: Baraza la Kimataifa la Fiqhi, lilipokutana Jeddah mwaka 1985, lilisema bima ya kibiashara yenye ada maalumu haifai kwa sababu ya gharari, yaani kutojua hakika ya unachokinunua, iliyomo, na likaielekeza njia mbadala ya kusaidiana. Ndiko takaful, bima ya Kiislamu ya kusaidiana, ilikochukua nguvu. Sudan ilikuwa na kampuni ya namna hiyo tangu mwaka 1979, na hapa Kenya ya kwanza ilianza kazi mwaka 2011. Sasa maajenti wamejifunza kwamba neno "takaful" hufungua milango. Aliletwa kwangu mkataba ambao jalada la kikaratasi chake lilikuwa na picha ya kuba la msikiti na maneno "kwa mujibu wa sharia", na ajuza aliyeuziwa alikuwa ameshawaambia wenziwe wa darsa. Nikasoma ndani. Hapakuwa na mfuko wa tabarrui, ule wa michango ya kusaidiana. Hapakuelezwa kampuni inachukua ujira gani kama wakili wa wachangiaji, wala ziada ikibaki inagawanywa vipi, wala bodi ya masheikh inayosimamia ni ipi. Ulikuwa mkataba ule ule wa kawaida, neno kwa neno, uliovalishwa kanzu. Hili lilimuuma ajuza kuliko lingekuwa la pesa. Na ndilo pekee ambalo mtu wa Lamu, kwa niliyoyaona, alikubali kulilalamikia kwa jina la ajenti, kwa sauti, mbele ya watu, tena mlangoni kwao.

Katika kuandika barua hizi nimepata tabia fulani. Hasira naiacha mlangoni. Anayesoma barua Nairobi ana rundo, na hasira haina kipengele cha kujibu. Naweka namba ya mkataba juu kabisa, tarehe za mambo kwa mpangilio, kisha kitu kimoja tunachokitaka, kikiwa kimeandikwa waziwazi: tulipe, au turudishieni, au tuelezeni kwa maandishi. Naambatanisha risiti. Kwa risiti ndipo kilio huanza, kwa sababu wengine walikuwa wakimtumia ajenti ada kwa namba yake ya simu badala ya kulipa kwa peibili ya kampuni, "yeye atafikisha". Wengine amefikisha. Wengine hakufikisha, na ujumbe wa simu unaoonyesha pesa zimekwenda kwa mtu binafsi ni ushahidi dhidi ya yule yule mwana wa watu ambaye hawataki kumtaja. Hapo hakuna namna ya kumkwepa, na wengi huishia hapo. Hukunja karatasi, hunilipa ya fotokopi, huenda zao.

Wanaokuja kabla ya kutia sahihi ni wachache, na hao nawaonea raha. Huwaambia watazame leseni ya ajenti, ambayo hutolewa na mamlaka na huisha kila 31 Desemba, wasomewe maswali ya afya moja moja na wayajibu kwa ulimi wao, na wamwambie mtu nyumbani kwamba bima ipo. Hilo la mwisho linadharauliwa. Kuna mikataba iliyokomaa au ambayo wenyewe wamekufa, na hakuna aliyejua pa kudai. Kwa sheria ya mwaka 2011 pesa za namna hiyo hupelekwa kwenye Mamlaka ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa, na warithi wanaweza kuzidai huko. Nimewasaidia watu kutafuta. Mara nyingine jina hupatikana.

Juzi juzi kijana mwingine, mpya kazini, alikuja kuchapa vikaratasi vyake. Ni mwana wa shoga yangu. Mstari wa kati ulisema: "Rudishiwa pesa zako zote wakati wowote." Nikamuuliza kama mkataba wasema hivyo. Akasema ndivyo walivyofundishwa kuuza. Nikamwambia sawa, nitachapa, lakini chini yake nitaacha mstari wa jina lake na sahihi, ili kila anayepewa awe na ahadi hiyo mkononi. Akacheka. Akaniangalia akaona mimi sicheki. Akavuta kiti mbele ya kompyuta, akafuta mwenyewe "zote wakati wowote", akaandika kwamba mteja akivunja mkataba kabla ya miaka mitatu hapati kitu, na baada ya hapo hupata kiasi kilichotajwa kwenye jedwali la mkataba. Akauliza kama bado nataka mstari wa sahihi. Nikasema ndiyo. Akakubali.

Tukachapa hamsini. Alirudi akinilalamikia kwamba vinauza polepole. Lakini mvuvi mmoja wa Matondoni alikuja na chake, kimetiwa sahihi, akataka nakala mbili: moja akae nayo mkewe, nyingine ampe shemeji yake aliyeko Mombasa. Nikamtoza za fotokopi tu.